Kubadilisha bamba za ukuta wa ndani: kazia mifupa mbele ya kufunga

Kiangazi, wakati wa kipwa, nyundo zinasikika ku kila avenyu ya Likasi. Kuanzia Mei mpaka Septemba mvua hainyeshi, na wenye nyumba wanatumia miezi hiyo kwa kutengeneza. Katika nyumba za zamani kuna kazi moja yenye kurudia sana: kutoa bamba za ukuta wa ndani zenye zimevimba, zimeoza ao zimeliwa na muchwa, na kupiga zingine mpya. Tripleksi inanunuliwa, fundi anaingia asubuhi, mangaribi chumba kinang'aa. Kisha miezi michache mtoto anafunga mlango kwa nguvu, na ukuta mzima unatetemeka sawa vile zamani.

Haishangazi. Bamba inafunika ukuta tu, haiushikilie. Kinachoushikilia ni mbao za ndani, zile za kusimama na zile za kulala, namna zilivyofungwa chini, juu na pembeni. Hizo njo mifupa. Mwenye nyumba anaona mifupa hiyo siku moja tu, siku bamba za zamani ziko chini na mpya hazijapigwa. Akipitisha siku hiyo bila kuangalia, atakuwa amelipa rangi na tripleksi juu ya ukuta uleule mubaya.

Kuta hizi zilitoka wapi

Mji wetu uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906, ilijenga kambi za wafanya kazi karibu na viwanda, na tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilitaka mfanya kazi akae hapo na bibi na watoto, si peke yake. Kiwanda cha Shituru kilianza 1929. Kwa hiyo tuko na nyumba nyingi zenye umri wa babu zetu: za matofali ya kuchoma, zenye kuta nene za inje na kuta nyembamba za ndani, mara nyingi unene wa nusu tofali tu.

Kuta za mbao na bamba ziliongezeka kisha. Zingine zilikuwa katika nyumba kubwa na maofisi, zimefunikwa na tripleksi, na unaliti, ile bamba ya rangi ya kahawia iliyogandamizwa, ao na eternite ya kulala, isiyo na mawimbi. Lakini zile dhaifu kupita zote ni za juzi. Miaka ya 1990, wakati Gécamines ilianguka na mishahara haikufika, jamaa nyingi zilikata salon katikati ili kupata chumba cha kupangisha ao cha watoto waliokomaa. Mwaka 2003 wafanya kazi zaidi ya 10 000 walitoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na kwa wengi wao nyumba ilibaki karibu mali yao ya pekee. Walikata tena. Walitumia mbao zilizokuwa karibu: lati za mabati, mbao za makasha, miti ya mikalitusi isiyokauka. Hakuna wa kuwalaumu. Ila watoto wao leo wanapachika televizyo kubwa ku ukuta uliojengwa kwa kuficha kitanda tu.

Mbele ya kutoa bamba, tazama ni bamba gani

Hapa ninaomba usome polepole, sababu ni jambo la afya kupita la ujenzi.

Kama bamba ni ya kijivu, ngumu, baridi ukigusa, yenye kutoa sauti kama sahani ukiigonga, na ni ya zamani, ihesabu kuwa na amianti. Eternite ya zamani ilikuwa simenti iliyochanganywa na nyuzi za amianti. Kwa macho huwezi kuhakikisha, shurti laboratware, kwa hiyo ichukue kuwa nayo. Ikiwa nzima na imetulia, haina shida kubwa. Hatari inaanza wakati unaikata na musumeno, unaitoboa, unaisugua ao unaivunja na nyundo. Vumbi lake liko na nyuzi ndogo zisizoonekana. Zinaingia katika mapafu na hazitoke, na ugonjwa unakuja kisha miaka 20, 30 ao 40, wakati mtu amekwisha kusahau siku ile. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za amianti zinaleta kansa, na linahesabu vifo zaidi ya 200 000 kila mwaka kwa wale walioivuta kazini tu. Ubelgiji ilikataza amianti mwaka 1998. Kenya ilikataza 2006, Afrika Kusini 2008. Jirani yetu Rwanda iko na mpango wa serkali wa kuondoa mabati ya amianti juu ya nyumba.

Njia nzuri kwa mtu wa feza kidogo ni kutoigusa. Iache mahali iko, simamisha mbao mpya mbele yake bila kupiga msumari ndani yake, na ufunike. Unapoteza sentimetre 7 ao 8 za chumba, na vumbi linabaki limefungwa. Kisha andika mahali, waambie watoto na yeyote atakayenunua nyumba, kwamba nyuma ya ukuta huu kuna amianti.

Kama shurti kuitoa, maana imevunjika, basi watoto na mama mwenye mimba watoke. Lowanisha bamba na maji yenye sabuni kidogo, fungua visi moja moja, shusha bamba nzima bila kuivunja. Usifagie kavu, pangusa na kitambaa chenye maji, kisha funga kitambaa pamoja na bamba ndani ya plastiki nene, mbili. Kitambaa cha kufunga mdomo hakisaidie. Tafuta maski iliyoandikwa FFP3, na ukikosa, FFP2. Tena usivunje bamba hizo kwa kujaza mashimo ya kiwanja. Desturi hiyo ipo na ni mbaya sana: magurudumu na miguu inasaga amianti kila siku mahali watoto wanacheza.

Kwa tripleksi na unaliti hakuna hofu hiyo. Vaa maski kwa sababu ya vumbi na mavi ya panya, inatosha.

Jambo lingine mbele ya kufungua: zima umeme ku kompteri, si ku kitufe cha taa. Katika nyumba za zamani waya zimepitishwa ndani ya ukuta bila bomba, na ngozi ya waya imekauka inavunjika. Ukizikuta hivyo, zibadilishe siku hiyohiyo.

Ukuta unacheza namna gani?

Kisha kufungua upande moja, acha upande wa pili. Simama katikati, weka kiganja ku usawa wa kifua, sukuma, acha. Angalia vizuri, sababu kuna kucheza kwa namna mbili na dawa zake hazifanane.

Kama katikati inaingia na kurudi sawa tumbo, lakini chini na juu hazisogee, miti ni nyembamba ao iko mbali mbali. Kama ukuta wote unayumba pamoja, juu ao chini haishike. Fundi mwenye haraka anaongeza miti katika hali zote mbili, na katika ya pili anaongeza uzito tu juu ya kitu kisichofungwa.

Chukua turnevisi, choma chini ya kila mti, sentimetre 10 za kwanza kutoka sakafu. Ikiingia bila nguvu, mti umekwisha, hata kama juu unaonekana muzuri. Muchwa wanakula ndani na kuacha ngozi.

Halafu panda juu ya plafo na tochi. Unatafuta kama mbao za paa zinakalia ukuta huu. Ukuta wa bamba haukujengwa kwa kubeba, lakini miaka 50 ni mingi: paa inashuka kidogo kidogo mpaka inapumzika juu yake, ao mtu alitoa nguzo zamani na hakuna aliyejua. Ukiona mbao za paa zimegusa, zimekandamiza, ao zimeacha alama, usitoe mti hata moja mbele ya kusimamisha mihimili ya muda pande zote mbili, yenye ubao mupana chini na juu. Kama hapo una mashaka, huo njo wakati wa kulipa fundi mwenye kujua paa. Feza ya tripleksi inaweza kungoja.

Kukazia

Tuchukue mfano, ukuta wa metre 4 kwa urefu na metre 2.50 kwa kimo, bila mlango. Ukifungua unakuta miti 6, moja kila sentimetre 80. Ni hali ya kawaida sana. Watu wengi wanataka kuvunja yote. Hapana. Kama miti hiyo ni mizima na imenyooka, iache, na ongeza mingine 5 katikati yake. Sasa iko kila sentimetre 40, na umenunua nusu ya mbao tu.

Mbele ya kupiga miti hiyo, pima bamba yako. Tripleksi nyingi ziko na upana wa metre 1.22, zingine metre 1.20. Mwisho wa bamba shurti uangukie katikati ya mti, ili bamba mbili zigawane mti moja. Kwa bamba ya 1.22, nafasi kutoka katikati ya mti mpaka katikati ya mwingine ni sentimetre 40 na milimetre 6 ao 7, si 40 kamili. Milimetre hizo zinaonekana mchezo, lakini ku bamba ya tatu umekwisha kukosa mti kwa sentimetre 6, na ncha inabaki hewani. Ncha yenye kubaki hewani njo inavunjika ya kwanza. Kama miti ya zamani haianguke sawasawa, hakuna neno: ongeza mti pale tu viungo vya bamba vitakuwa.

Namna ya kusimamisha mti ina maana kubwa. Mti wa 5 kwa 7, ukiweka ile 7 ielekee unene wa ukuta, unakuwa mgumu karibu mara mbili kupita ukiweka 5. Mbao zilezile, feza ileile. Watu wanaulaza ili kupata ukuta mwembamba na chumba kipana, kisha wanashangaa tumbo. Tena mti wenye unene mara mbili ku upande huo ni mgumu mara 8. Kwa hiyo kama miti yako ya zamani ni ya 5 kwa 5 na inapinda, unaweza kupachika lati nyuma ya kila moja, kwa gundi ya mbao na visi kila sentimetre 20, ili mbili zifanye kama moja. Bila gundi na visi za kutosha zinateleza moja juu ya nyingine na hupate faida hiyo. Ukuta utanenepa, na kadri ya mlango itahitaji ubao wa kuongeza. Hesabu hiyo mbele.

Sasa mbao za kulala. Ikiwa nitaacha mtu akumbuke kitu kimoja katika habari hii nzima, ni hizi, sababu zinagharimu kidogo na mafundi wengi wanaziruka. Kati ya mti na mti piga kipande cha mbao, safu mbili: moja karibu sentimetre 80 kutoka chini, ingine karibu 1.60. Vinazuia miti isijipinde na kujizungusha ikikauka, na vinagawa sukumo la sehemu moja ku miti jirani. Katika mfano wetu kuna nafasi 10 ku kila safu, kwa hiyo vipande 20 vya sentimetre 35, ni kusema metre 7 za mbao tu. Mara nyingi vinatoka katika mabaki. Usivipige vyote ku mstari moja kabisa. Kimoja juu kidogo, kingine chini kidogo, ili msumari uingie kutoka kichwa na si kwa upande.

Kama ukuta ulikuwa unayumba wote, kazi iko ku mbao ya chini na ya juu. Ya chini ifungwe ku sakafu kwa visi ndefu na sheviye, kila sentimetre 60; msumari wa simenti unashika leo, na kesho sakafu ya zamani inamenyeka pembeni yake. Ya juu ifungwe ku mbao za plafo zenyewe, si ku bamba ya plafo. Ikiwa mbao za plafo zinakimbia sambamba na ukuta na hakuna ya kushika, piga vipande vya kuvuka kati ya mbili, na ukuta ushike hapo. Na pande mbili za mwisho, kwenye ukuta wa mbao unakutana na wa tofali, visi tatu ao ine kila upande. Kwa wenzetu wa upande wa maziwa, wale wa Kalemie wanaokumbuka tarehe 5 Desemba 2005 na wale wa Bukavu wanaokumbuka 3 Februari 2008, kufunga huku pande zote ine ni lazima. Ukuta mwepesi uliofungwa vizuri unacheza na nchi ikitetemeka; ule wa nusu tofali usiofungwa unaangukia kitanda.

Hapa kwetu kutetemeka ku kawaida ni kwa magari. Barabara nambari 1, kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, inapita Likasi, na nyumba zilizo karibu zinasikia kila lori la shaba. Ndiyo sababu ninapendelea visi kuliko misumari hata ku bamba: msumari unatoka kidogo kidogo, visi haitoke.

Muchwa na maji, vyote vinaanza chini

Nchi ya Katanga ni nchi ya vichuguu. Tunachimba udongo wake kwa kufyatua matofali, tunajenga juu ya mahali kilikuwa, na wenyewe wanaendelea kukaa. Mbao inayogusa udongo ao sakafu yenye ufa itapatikana.

Kwa hiyo inua ukuta. Piga safu ndogo ya simenti ao ya tofali la kulazwa, kimo cha sentimetre 6 mpaka 8, tandika plastiki nene juu yake, kisha mbao ya chini. Maji ya kupangusa hayafike ku mbao, na muchwa akitaka kupanda shurti ajenge njia yake inje, utaiona. Tena inapatana na vipimo: bamba iko na kimo cha metre 2.44, ukuta metre 2.50, ile tofauti inajazwa na safu hiyo.

Kwa mbao ya chini, mulombwa ni rafiki, lakini moyo wake tu, ile sehemu nyekundu. Sehemu nyeupe ya inje inaliwa sawa mbao zote. Mikalitusi ni ya bei ndogo na nguvu anayo, ila muchwa wanaipenda na ikipigwa mbichi inajizungusha na kupasuka. Iache ikauke kivulini majuma mengi, imepangwa na vijiti kati yake.

Mafuta machafu ya motere, yale watu wanapaka ku mbao, ninayakubali ku nguzo za uzio. Ndani ya chumba cha kulala, hapana. Yanatoa harufu miezi, yanapita ku bamba na kuchafua rangi, yanalisha moto, na hayafai kwa mapafu ya mtoto.

Mbele ya kupiga bamba ya mwisho

Fikiri vitu vitakavyopachikwa: televizyo, kioo, kabati ya jikoni, lavabo. Ku kila mahali pao piga ubao wa kulala, upana wa sentimetre 15 ao 20, kati ya miti, nyuma ya bamba. Piga picha na simu, metre ikiwa imefunguliwa mbele ya ukuta ili vipimo vionekane. Miaka mitano kisha, picha hiyo itakuambia wapi kuna mbao na wapi kuna waya.

Upande wa jikoni, tafazali, si tripleksi. Mbabula moja ikiachwa karibu inaiwasha, na ndani ya ukuta hewa inapanda sawa ku bomba la moshi. Hapo tumia bamba za platri, ao piga tofali mpaka kimo cha metre moja. Platri haipende maji, lakini haiwake haraka. Visi zake zikae kila sentimetre 15 mpaka 20 pembeni, kila 30 katikati, na kichwa kisipasue karatasi. Viungo vya upande huu visikutane ku mti moja na viungo vya upande wa pili. Ukibadilisha, kila upande unashikilia udhaifu wa mwingine.

Wenye ukuta wa nusu tofali wanauliza kama haya yanawahusu. Kwa sehemu. Huko unatoa plasta iliyolegea, unaangalia kama ukuta umeingia ndani ya ukuta wa inje ao umegusa tu. Kama umegusa tu, toa tofali moja kila safu ya tatu ao ya ine pande zote na uzifungamanishe upya, moja kisha nyingine, si zote kwa mara moja. Ukuta mrefu kupita metre 3 bila mlango wala kona unataka nguzo katikati. Kisha waya wa wavu pande mbili, umefungwa pamoja kwa kupita ndani, na plasta juu. Kwa matofali mabichi wavu huo ni lazima, sababu plasta ya simenti haishike udongo. Inatengana nao kama ngozi na siku moja inaanguka kipande kizima.

Kazi ya mfano wetu wa metre 4, watu wawili wenye vyombo wanaimaliza kwa siku mbili: ya kwanza kufungua, kuchunguza na kukazia, ya pili kufunga. Ukipatana bei na fundi, gawa malipo vilevile: sehemu moja ilipwe wakati ukuta uko wazi bado, mifupa inaonekana, nawe umeweka kiganja chako katikati na kusukuma.